Jasho la Mfanyakazi na Macho ya Sheria



Kila mwaka, tarehe 1 Mei, tunawaona wafanyakazi wakiandamana na kusikiliza hotuba. Siku hiyohiyo makanisani mwetu tunamwadhimisha Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, sikukuu iliyowekwa na Baba Mtakatifu Pius XII mwaka 1955. Wengi wetu tumezoea kuipokea Mei Mosi kama siku ya mapumziko, basi. Ni wachache wanaofahamu kwamba chimbuko lake ni matukio ya mji wa Chicago, huko Marekani, mwaka 1886, na kwamba katika matukio hayo damu ilimwagika.

Leo tumeona vema turudi pamoja katika nchi ile, katika miaka thelathini hivi ya mwisho wa karne ya kumi na tisa. Hatuendi huko kwa kutamani makuu ya wengine, wala kwa kuwasimanga. Tunakwenda kwa sababu moja. Nchi ile ilitajirika upesi kuliko nchi yoyote kabla yake, nayo ilikuwa na katiba, mabunge, mahakama na uchaguzi. Hata hivyo, mfanyakazi wake aliendelea kupondwa kwa muda mrefu. Haki yake haikuletwa na utajiri, wala haikuletwa na sheria peke yake. Ilianza kupatikana pale walipojitokeza watu waliokubali kutazama, kuhesabu, kuandika na kushuhudia. Hilo ndilo jambo tunalotaka mrudi nalo nyumbani.

1. Nchi iliyotajirika upesi

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha mwaka 1865. Wakati huo nchi ilikuwa na reli za urefu wa kilomita 56,000 hivi. Tarehe 10 Mei 1869, mahali paitwapo Promontory katika Utah, reli iliyotoka mashariki ilikutana na reli iliyotoka magharibi, na bara zima likaunganishwa. Ilipofika mwaka 1900 urefu wa reli zote ulikuwa umepita kilomita 300,000.

Reli zilihitaji chuma cha pua, chuma kilihitaji makaa ya mawe, na vyote viwili vilihitaji mikono ya watu. Mikono hiyo ilitoka mashambani, ikatoka na ng'ambo: Ireland, Ujerumani, Italia, Poland na kwingineko. Wachina walivuka bahari nao, na ndio waliopasua miamba ya milima ya Sierra Nevada ili reli ipite. Mwishoni mwa karne Marekani ilikuwa imeipita Uingereza kwa wingi wa bidhaa za viwandani.

Wakatokea matajiri ambao dunia haikuwahi kuona mfano wao. Andrew Carnegie, mtoto wa mfumaji maskini kutoka Scotland, alikuwa mkuu wa viwanda vya chuma. John D. Rockefeller, kwa kampuni yake ya Standard Oil, alishika karibu asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta nchini. Hatuwadharau watu hao kwa bidii yao, wala hatusahau maktaba nyingi ambazo Carnegie alizijenga baadaye kwa fedha zake. Lakini yatupasa kuuliza swali ambalo Kanisa halichoki kuliuliza: mali hiyo ilipatikana kwa jasho la nani, na mwenye jasho alibaki na nini?

2. Gharama iliyolipwa na wanyonge

Katika viwanda vya chuma watu wengi walifanya kazi saa 12 kwa siku mbele ya tanuru la moto. Mara moja kila wiki mbili, zamu ya mchana ilipobadilishana na zamu ya usiku, walifanya kazi saa 24 mfululizo. Katika machimbo ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, wavulana wadogo waliketi juu ya mifereji ya mbao wakichambua mawe kutoka katika makaa yaliyokuwa yakiteremka kwa kasi chini ya miguu yao. Vumbi lilijaa vifuani mwao na vidole vyao vilichubuka hata kutoka damu. Hesabu ya watu ya mwaka 1900 ilionyesha kwamba watoto wapatao 1,750,000 wa umri wa miaka 10 hadi 15 walikuwa katika kazi za kuajiriwa.

Mfanyakazi akiumia, alibaki na nini? Mara nyingi hakubaki na kitu. Mahakama za wakati ule zilisema kwamba aliyekubali kazi alikuwa amezikubali na hatari zake. Zilisema pia kwamba kama mtu ameumizwa kwa kosa la mfanyakazi mwenzake, mwajiri hadaiwi. Mjane alirudi nyumbani mikono mitupu, na mtoto wake mkubwa akaenda kiwandani kushika nafasi ya baba.

Msingi wa hukumu hizo ulikuwa fundisho lililoitwa uhuru wa mapatano. Mwajiri ni huru kutoa kazi kwa sharti alitakalo, na mfanyakazi ni huru kukubali au kukataa, serikali isiingilie. Kwa maneno, fundisho hilo ni zuri. Lakini mtu ambaye watoto wake hawajala tangu jana ana uhuru gani wa kukataa? Anayekubali ujira mdogo kwa sababu njaa imemsukuma hajapatana, ameshindwa nguvu. Mtume Yakobo alikwisha kuwaonya matajiri wa zama zake juu ya ujira waliowazuilia wavunaji wa mashamba yao, kwamba ujira huo unalia mbele ya Bwana.

3. Wafanyakazi wajiunga pamoja

Mwezi wa Julai 1877, kampuni moja ya reli ilipunguza mishahara kwa asilimia 10, baada ya kuwa imekwisha kuipunguza hapo awali. Watu wa reli wa Martinsburg, katika West Virginia, wakaacha kazi. Mgomo ukaenea mji hata mji. Rais Rutherford Hayes alituma askari wa serikali kuu, na mgomo ulipozimwa watu wapatao 100 walikuwa wamekufa. Hivyo wafanyakazi wengi waliijua serikali yao kwanza kwa bunduki zake.

Tangu mwaka 1869 kulikuwa na chama kilichoitwa Knights of Labor, yaani Mashujaa wa Kazi, kilichoanzishwa na mafundi wa kukata nguo wa Philadelphia. Kilipofika mwaka 1886 kilikuwa na wanachama 700,000 hivi. Kiongozi wake, Terence Powderly, alikuwa Mkatoliki, na wanachama wengi walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Kiliwapokea wanawake, na kiliwapokea watu weusi, jambo ambalo lilikuwa geni kwa wakati ule.

Hata hivyo tusifiche ukweli. Chama hichohicho kiliwakataa Wachina, na kiliunga mkono sheria ya mwaka 1882 iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Mwaka 1885, huko Rock Springs katika Wyoming, wachimbaji weupe waliwashambulia wachimbaji wenzao wa Kichina wakawaua watu 28 au zaidi, na hakuna aliyehukumiwa. Aliyeonewa naye anaweza kumwonea aliye chini yake. Wamiliki wa machimbo hawakupoteza chochote kwa ugomvi huo. Waliopoteza ni maskini wa pande zote mbili.

Tarehe 1 Mei 1886 maelfu na maelfu ya wafanyakazi waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa 8. Tarehe 3 Mei, huko Chicago, polisi waliwapiga risasi wagomaji na baadhi wakafa. Kesho yake jioni watu walikutana katika uwanja wa Haymarket kulalamika. Polisi walipokuja kuwatawanya, mtu ambaye hadi leo hajajulikana alitupa bomu, nao polisi wakafyatua risasi. Polisi 7 walipoteza maisha, pamoja na raia kadhaa. Wanaume 8 walitiwa hatiani, ingawa haikuthibitishwa ni nani kati yao aliyetupa bomu. Wanne wakanyongwa tarehe 11 Novemba 1887, na mmoja alikuwa amejiua gerezani. Mwaka 1893 Gavana wa Illinois, John Peter Altgeld, aliwafungua watatu waliobaki, akieleza waziwazi kwamba kesi yao haikuendeshwa kwa haki. Alitukanwa sana kwa tendo hilo, na mwaka 1896 akashindwa uchaguzi. Mwaka 1889 mkutano wa vyama vya wafanyakazi uliofanyika Paris ulikuwa umekwisha kuchagua tarehe 1 Mei kuwa siku ya kudai saa 8 duniani pote. Ndiyo Mei Mosi yetu.

Mifano mingine miwili yatosha. Mwaka 1892, huko Homestead karibu na Pittsburgh, kiwanda cha Carnegie kiliwafungia nje wafanyakazi waliokataa kupunguziwa ujira. Meneja wake, Henry Clay Frick, aliwaleta walinzi 300 wa kukodiwa kwa njia ya mto, usiku. Alfajiri ya tarehe 6 Julai yakatokea mapigano, wakafa wafanyakazi 7 na walinzi 3. Gavana wa Pennsylvania akatuma askari wapatao 8,000, na chama cha wafanyakazi kikavunjika. Carnegie mwenyewe alikuwa Scotland kwa mapumziko.

Mfano wa pili ni Pullman, mji uliojengwa kusini mwa Chicago na kampuni iliyotengeneza mabehewa ya kulala. Nyumba, duka, maktaba na hata jengo la kanisa vilikuwa mali ya kampuni. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893, kampuni ilipunguza mishahara kwa robo hivi, lakini kodi ya nyumba haikupunguzwa hata senti. Mwezi wa Mei 1894 wafanyakazi wakagoma, na chama cha watu wa reli kilichoongozwa na Eugene Debs kikawaunga mkono kwa kukataa kuendesha mabehewa ya Pullman. Tarehe 28 Juni 1894 Rais Grover Cleveland alitia saini sheria ya kuifanya Siku ya Wafanyakazi, katika mwezi wa Septemba, kuwa sikukuu ya taifa. Kabla wiki haijapita, Rais huyohuyo alituma askari Chicago kuvunja mgomo, ingawa Gavana Altgeld alipinga. Watu zaidi ya 10 waliuawa, naye Debs akafungwa miezi 6. Ndugu zetu, ni rahisi kumpa mfanyakazi sikukuu kuliko kumpa haki yake.

4. Kanisa laulizwa liko upande gani

Katika hali hiyo Kanisa halikuweza kunyamaza. Maaskofu wengine waliviogopa vyama vya wafanyakazi, kwa kuwa baadhi vilikuwa na viapo vya siri. Askofu Mkuu wa Quebec, huko Kanada, alipata kutoka Roma mwaka 1884 tamko la kuwalaumu Mashujaa wa Kazi. Ikaonekana kwamba chama hicho kingelaaniwa na Marekani pia.

Kardinali James Gibbons, Askofu Mkuu wa Baltimore, alizuia jambo hilo. Mwezi wa Februari 1887, akiwa Roma, aliwasilisha hati ndefu ya kukitetea chama. Alieleza kwamba watu hawa wana malalamiko ya kweli, kwamba kuungana ili kujilinda ni haki yao ya asili, na kwamba Kanisa likiwatupa litapoteza mioyo ya maskini, nayo ikishapotea si rahisi kurudi. Mwaka uliofuata Roma ilijibu kwamba chama kinaweza kuvumiliwa, mradi kifanye marekebisho kadhaa katika katiba yake.

Tarehe 15 Mei 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka wake Rerum Novarum, yaani Mambo Mapya. Alifundisha kwamba kazi ya binadamu si bidhaa kama bidhaa nyingine, kwa sababu mwenye kazi ni mtu. Alisema mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Ni lazima umwezeshe mfanyakazi mwaminifu kuishi. Alitetea haki ya kuwa na mali binafsi, akatetea pia haki ya kuunda vyama. Na aliikumbusha serikali kwamba tajiri ana njia nyingi za kujilinda, bali maskini hana ngome isipokuwa sheria; kwa hiyo serikali imtazame maskini kwanza. Sisi tuliosoma seminarini tulijifunza waraka huo kama somo la mtihani. Tulichelewa kuona kwamba nyuma ya kila fungu lake kuna watu waliovunjika mikono, na wavulana waliokohoa vumbi la makaa.

5. Serikali yaanza kujirekebisha

Serikali ya wakati ule ilikuwa na ugonjwa wake yenyewe. Kazi za umma ziligawiwa kwa wafuasi wa chama kilichoshinda uchaguzi. Mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na mtu aliyekasirika kwa kukosa cheo alichodhani anastahili kupewa. Taifa lilishtuka, na mwezi wa Januari 1883 ikapitishwa sheria ya kuwachagua baadhi ya watumishi wa serikali kuu kwa mitihani. Mwanzoni iligusa kazi moja tu katika kila kumi hivi. Ulikuwa mlango mwembamba, lakini ulikuwa umefunguka.

Mwaka 1887 ikaundwa tume ya kusimamia nauli za reli kati ya majimbo. Mwaka 1890 ikapitishwa sheria dhidi ya makampuni yanayoungana ili kuua ushindani. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka 1894 mahakama ilitumia sheria hiyo, miongoni mwa nyingine, kuuzuia mgomo wa reli. Mwaka 1895 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kwamba sheria hiyohiyo haiwezi kuigusa kampuni iliyokuwa imeshika karibu usafishaji wote wa sukari nchini. Upanga uliofuliwa kwa ajili ya wenye nguvu uliwakata wanyonge kwanza.

Je, basi, sheria haina faida? Sivyo. Sikilizeni habari ya mabehewa.

Katika reli za wakati ule mabehewa yaliunganishwa kwa pete ya chuma na pini. Ilimpasa mtu asimame kati ya mabehewa mawili yanayosogeleana, aielekeze pete kwa mkono, na auondoe mkono kabla hayajagongana. Wengi hawakuwahi. Watu wa breki walitambulikana kwa vidole walivyokosa. Breki zenyewe zilikazwa kwa mkono juu ya paa la mabehewa, treni ikiwa katika mwendo, hata wakati wa barafu.

Mkulima mmoja wa Iowa, Lorenzo Coffin, aliyewahi kuwa mchungaji wa askari vitani, alimwona mwaka 1874 kijana aliyekatwa vidole viwili kwa njia hiyo. Akauliza, akaambiwa kwamba ni mambo ya kila siku. Hakukubali kwamba ya kila siku ni ya halali. Vyombo vya kuunganisha mabehewa bila mkono wa mtu vilikuwa vimekwisha kubuniwa, na breki za hewa pia. Makampuni hayakutaka gharama. Coffin alikusanya habari za ajali, akaandika magazetini, akahudhuria mikutano ya wakuu wa reli hata akachukiwa. Mwaka 1889 Rais Benjamin Harrison aliliambia Bunge kwamba hatari ya watu hao inalingana na ya askari vitani. Tume ya reli nayo ilikwisha kuanza kuchapisha hesabu. Katika mwaka mmoja ulioishia Juni 1893, wafanyakazi wa reli 2,727 waliuawa na zaidi ya 31,000 waliumia.

Mwezi wa Machi 1893 sheria ilipitishwa kuyalazimisha makampuni kuweka vyombo hivyo. Yaliongezewa muda, lakini kufikia mwaka 1900 yalikuwa hayana budi kutii, na vifo vya kuunganisha mabehewa vikapungua sana. Tuangalie mpangilio wake: kwanza mtu mmoja aliona, kisha akauliza, kisha majeruhi wakahesabiwa, kisha hesabu ikatangazwa, ndipo sheria ikaja.

6. Mkaguzi wa Chicago

Kuna mfano mwingine unaotugusa zaidi sisi tulio na kamati za haki na amani. Huko Chicago, nyumba iitwayo Hull House ilifunguliwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr, wakae kati ya maskini kama majirani. Mwishoni mwa mwaka 1891 alifika hapo mama mmoja mwenye watoto watatu, Florence Kelley. Alizunguka nyumba kwa nyumba katika vitongoji ambamo nguo zilishonwa vyumbani, akaandika aliyoyaona: idadi ya watu chumbani, umri wa watoto, saa za kazi, ujira.

Kwa nguvu ya maandishi hayo, pamoja na jitihada za vyama vya wafanyakazi, jimbo la Illinois lilipitisha sheria mwaka 1893. Watoto walio chini ya miaka 14 wasiajiriwe viwandani. Wanawake wasifanye kazi viwandani zaidi ya saa 8 kwa siku. Ushonaji wa vyumbani ukaguliwe. Gavana Altgeld akamteua Kelley mwenyewe kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda.

Alimkuta mtoto wa miaka 11 aliyeajiriwa kinyume cha sheria kupaka rangi ya dhahabu fremu za picha. Dawa iliyotumika ilikuwa na sumu, na mkono wa kuume wa mtoto ulikuwa umepooza. Kelley alipeleka jambo hilo kwa mwendesha mashtaka wa serikali, naye akakataa kulishughulikia. Mama huyo hakuishia kulalamika. Alijiandikisha katika shule ya sheria, akasoma huku akiendelea na kazi, na mwaka 1895 akahitimu ili aweze kuendesha mashtaka mwenyewe. Mwaka 1894 ndui ilipoenea Chicago, wakaguzi wake waliingia vyumba ambamo wagonjwa walilala kando ya nguo zilizongoja kupelekwa madukani, wakapiga mbiu.

Lakini mwaka 1895 mahakama kuu ya Illinois iliifuta sehemu ya sheria iliyohusu saa 8, kwa hoja ileile ya uhuru wa mapatano. Na mwaka 1897 gavana mpya alimwondoa Kelley, akamweka mahali pake mtu aliyekuwa ametumikia kwa miaka mingi kampuni ya vioo, yaani biashara iliyotumia watoto. Sheria juu ya watoto ilibaki vitabuni, lakini mlinzi wake alikuwa ametolewa, na sheria isiyo na macho haimwoni anayeumizwa.

Kelley aliendelea na kazi hiyo nje ya serikali hadi kifo chake mwaka 1932. Ni mwaka 1938 tu, miaka 45 baada ya sheria ile ya Illinois, ambapo sheria ya nchi nzima iliyodumu iliweka mipaka juu ya kazi za watoto na ya saa za kazi.

7. Mafunzo kwetu

Ndugu wapendwa, yale si mambo yetu, lakini mafunzo ni yetu.

Kwanza, tutazame kabla ya kusema. Kamati isiyojua ni watoto wangapi wa parokia wameacha shule kwa ajili ya vibarua, wala kibarua analipwa kiasi gani kwa siku, itatoa hotuba tu. Daftari moja lililoandikwa kwa uaminifu lina uzito kuliko malalamiko mia moja.

Pili, tuzijue sheria zilizopo na tuulize nani anazisimamia. Sheria ikishapitishwa, kazi yetu haijakwisha.

Tatu, tusiwabague wanyonge wenzetu. Mhamiaji, mtu wa kabila jingine, mtu wa dini nyingine, wote ni mafundi wa jasho lilelile. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Sisi Wakristo tunaongeza: wala msimnyonge.

Nne, na hili ni gumu zaidi, tuanzie nyumbani mwetu. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilitufundisha kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki yampasa aonekane mwenye haki kwanza. Parokia inaye mlinzi, inaye mpishi, inaye katekista. Majumbani mwetu wamo wasichana wanaoamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Tukiwalipa kwa kuchelewa, au kwa maneno matamu ya kwamba kazi ya Mungu haina mshahara, tofauti yetu na wale wenye viwanda ni ukubwa wa mfuko tu. Nasi mapadre tunajiweka wa kwanza katika lawama hiyo.

Kardinali Gibbons aliogopa kwamba maskini wangelitazama Kanisa na kuliona limeketi upande wa wenye nguvu. Hofu yake na ibaki mioyoni mwetu. Mtakatifu Yosefu, aliyemlisha Mwana wa Mungu kwa kazi ya mikono yake, atuombee.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya ndogo ndogo

1. Ni kazi gani katika eneo letu ambazo watu huumia mara kwa mara, nasi tumezoea kusema kwamba ni mambo ya kawaida?

2. Je, tunawajua watoto wanaofanya kazi badala ya kwenda shule? Ni wangapi, na sababu ni nini?

3. Mtu akidhulumiwa ujira wake hapa kwetu, ataenda kwa nani? Nani katika jumuiya anaweza kumsindikiza?

4. Parokia yetu na nyumba zetu zinawalipa wafanyakazi wao ujira gani, na kwa wakati gani? Tuafikiane jambo moja la kurekebisha kabla ya mkutano ujao.